Musi akiingia mtaani: maelekezo kwa familia zetu za Anchorage

Naendesha basi la shule hapa Anchorage, Alaska, na watoto wengi ninaowapakia Mountain View na Muldoon huzungumza Kiswahili nyumbani. Wazazi wao huniuliza kuhusu baridi, giza la Desemba na dubu. Kuhusu musi (kwa Kiingereza moose) hawaulizi. Wamemwona amesimama kimya kando ya maegesho akitafuna matawi, wakaamini ni mnyama mpole. Imani hiyo inanitia hofu, kwa hiyo nimeandika haya ili yasomwe nyumbani, watoto wakiwepo.

Musi ndiye mkubwa kuliko wanyama wote wa jamii ya kulungu. Dume la Alaska linaweza kupita kilo 600, na jike likawa na kilo 400 au zaidi. Miguu yake ni mirefu mno, na akiamua kukimbia anafika kilomita 50 kwa saa. Silaha yake ni kwato. Hupiga kwa miguu ya mbele na anaweza kupiga teke upande wowote. Pembe zisikudanganye, maana madume huziangusha majira ya baridi yanapoanza kukaza, hivyo musi asiye na pembe unayemwona Januari anaweza kuwa dume kamili.

Sisi tuliokulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, tunamjua kiboko. Hatukumwogopa kwa sababu anakula watu, maana hawali. Tulimwogopa kwa sababu ukisimama kati yake na maji, atapita juu yako. Musi naye mfikirie hivyo hivyo. Yeye hana haja na wewe. Anataka chakula chake, njia yake na ndama wake. Ukimzibia kimoja kati ya hivyo umeanzisha ugomvi, hata kama ulikuwa unapita tu kwenda dukani.

Kwa nini wako mjini

Mji huu umejengwa chini ya milima ya Chugach, na hifadhi ya Chugach State Park inaanzia pale nyumba zinapoishia. Vijito vya Campbell na Chester vinatoka huko mlimani na kupita katikati ya mitaa yetu, kingo zake zikiwa zimejaa mierebi, chakula anachokipenda. Majira ya baridi theluji inakuwa nyingi. Msimu wa 2011–12 ilianguka zaidi ya mita 3. Mnyama aliyekonda akiona barabara iliyosafishwa na greda, au njia ya miguu iliyokanyagwa vizuri, anaifuata kama sisi tunavyoifuata. Aprili 2023 musi mmoja kijana aliingia ndani ya jengo la huduma za afya la Providence, milango ikamfungukia yenyewe, akaanza kula mimea ya ukumbini.

Watu wengi husema serikali ingewakamata wote na kuwapeleka porini. Lakini pori lenyewe liko hapo nyuma ya nyumba, na ukimwondoa mmoja, mwingine atakuja kula mti ule ule. Tena kumchoma mnyama wa kimo hicho sindano ya usingizi katikati ya mtaa ni hatari kwake na kwa watu, maana huweza kukimbia ovyo kabla dawa haijamshika. Kazi kubwa imebaki kwetu wakazi.

Ukikutana naye uso kwa uso

Simama. Usisogee hata hatua moja kupata picha nzuri. Mita 15 ndiyo umbali wa chini kabisa, na mimi nawaambia watoto waache nafasi ya mabasi mawili ya shule. Kama yuko kwenye njia unayotaka kupita, rudi, zunguka, au subiri. Utachelewa kazini, najua, na msimamizi huenda asielewe. Mpigie simu, mweleze kuna musi njiani. Anchorage hilo ni sababu inayokubalika.

Mtazame masikio. Yakiwa yamesimama na yanageukageuka, anakusikiliza tu. Yakilala nyuma, manyoya ya nundu ya begani yakisimama, akainamisha kichwa na kulamba midomo, ameshakasirika na huenda akaja. Kuna pia yule anayeacha kula na kuanza kutembea polepole kuelekea kwako. Wengi hudhani anakuja kwa urafiki. Huyo anakufukuza, au amezoea kulishwa na anadai chakula. Kwa vyovyote, ondoka.

Akija kwa kasi, kimbia. Narudia, kwa sababu sote tulipofika hapa tulifundishwa kwamba dubu hakimbiwi, na watu wanachanganya mambo haya mawili. Musi anakimbiwa. Kwa kawaida hafukuzi mbali, anataka uondoke tu. Kimbilia nyuma ya kitu kigumu: gari, kona ya nyumba, mti mnene. Ukiuzunguka mti, wewe unageuka haraka kuliko yeye mwenye miguu ile. Ukiwa na dawa ya kupulizia dubu, nayo inafaa.

Akikuangusha, jikunje kama mpira, funika kichwa na shingo kwa mikono, ubaki hivyo bila kutikisika. Usiinuke mpaka awe amekwenda mbali. Wanaoinuka mapema huangushwa tena, kwa sababu akiona unasogea anadhani bado unapigana naye.

Kituo cha basi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona hatari kwa macho yangu. Desemba jua linachomoza karibu saa nne asubuhi au baada yake, kwa hiyo watoto wanasubiri basi gizani kabisa, kofia zimefunika masikio, wengine wamevaa na vifaa vya muziki. Musi ni mweusi au kahawia iliyokolea. Anaweza kuwa nyuma ya rundo la theluji lililoachwa na greda, asionekane hadi uwe karibu naye sana.

Kila kituo kiwe na mtu mzima mmoja. Familia tano zikigawana siku tano za shule, kila mzazi ana asubuhi moja tu kwa wiki. Awe na tochi yenye mwanga mkali na afike kabla ya watoto, azunguke nyuma ya marundo ya theluji na kati ya magari. Akimwona musi, watoto wasitoke ndani ya majengo. Ujumbe utumwe kwenye kundi la WhatsApp la jengo: yuko wapi, anaelekea wapi, ana ndama au hana. Mtoto akikosa basi siku hiyo, mpigieni simu shule na kueleza sababu.

Mfundisheni mtoto kuchagua pa kukimbilia kabla hajahitaji. Muulize, “Ukimwona musi hapa, utakwenda wapi?” Akuoneshe kwa kidole: ngazi ile, mlango ule, nyuma ya gari lile. Muulize tena kwenye njia ya kwenda dukani. Mtoto anayejua jibu hasimami kupiga kelele.

Nami nikifika na kumkuta mnyama karibu na kituo, nitalisimamisha basi kati yake na watoto kama nafasi ipo, au nitapita na kufungulia mlango mbele zaidi. Msinikimbilie. Subirini hadi niwaashirie kwa mkono.

Kutupa mipira ya theluji ni marufuku kabisa, nawaomba wazazi mlisimamie hili. Januari 1995, kwenye Chuo Kikuu cha Alaska hapa Anchorage, jike lenye ndama lilimkanyaga mzee mmoja hadi kufa alipokuwa akielekea mlangoni. Kabla yake, vijana walikuwa wamemsumbua mnyama yule kwa muda mrefu, wakimrushia theluji. Mzee hakuwa amefanya lolote. Aliyemchokoza musi alishaondoka, na aliyelipa ni mpita njia.

Miezi ya kuwa macho zaidi

Katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Juni majike huzaa, mara nyingi mapacha. Huu ndio wakati mbaya kuliko yote. Ndama mchanga analala kwenye vichaka, humwoni, na mama yake anakuona wewe. Mei 2024, kule mji wa Homer, hapa hapa Alaska, mwanamume mmoja aliuawa na jike alipokwenda kupiga picha ndama waliozaliwa punde. Ukimwona ndama peke yake, usimguse, usimpe maziwa, usidhani ametupwa. Mama yuko karibu. Rudi ulikotoka, kwa njia ile ile uliyojua ni salama. Ukumbuke pia kwamba dubu hufuata ndama hadi uani kwa watu.

Miezi hiyo hiyo mama humfukuza mtoto wake wa mwaka uliopita, na hao vijana huzurura mitaani wakiwa wamechanganyikiwa. Wapeni nafasi. Mwisho wa Septemba hadi Oktoba madume wanapigania majike. Na kuanzia Februari wote wamechoka, wana njaa, na hawana subira.

Yanayotuhusu kama jirani

Kumlisha musi ni kosa la kisheria Alaska, hata kwa karoti moja. Anayepewa karoti leo atamwendea mtoto wa jirani kesho, na asipopewa atapiga. Wanyama wanaozoea hivyo mara nyingi huishia kupigwa risasi na maofisa. Ukimhurumia, usimlishe. Maboga ya Halloween nayo ni chakula. Yakishapita sikukuu, yaingizwe kwenye pipa la taka lililofungwa, yasibaki ngazini.

Waambieni wenye majengo wasipande miti inayowavuta wanyama karibu na milango na viwanja vya michezo vya watoto. Mmoja kati ya hiyo ni mti wa mapambo wenye maua meupe unaoitwa Mayday. Mwaka 2011 ndama watatu walikufa hapa Anchorage baada ya kula miti ya aina hiyo, ambayo ndani yake hutengenezwa sumu ya sianidi. Mti wa tufaha ukiwepo, matunda yaokotwe yote msimu ukiisha, au mti uzungushiwe waya mrefu.

Taa za Krismasi, nyavu za mpira, bembea na kamba za kuanikia nguo hunasa kwenye pembe na miguu. Taa zifungwe juu, mita 3 au zaidi, na nyavu zikunjwe kabla ya theluji.

Mbwa, kwa musi, ni mbwa mwitu. Atamwendea hata akiwa amefungwa kamba. Mwaka 1985 Susan Butcher, bingwa wa mbio za mbwa wanaovuta sleji, alilazimika kujitoa kwenye Iditarod, mbio ndefu za sleji hapa Alaska, baada ya musi kuua mbwa wake wawili na kujeruhi wengine. Mbwa wa mtaani akifunguliwa atabweka, atafukuzwa, kisha atakimbilia kwa mwenyewe, na musi nyuma yake. Waombeni majirani kwa upole wafunge mbwa wao, hasa asubuhi.

Musi akiingia kati ya majengo, kosa kubwa ni kumzunguka. Nimeona watu wakitoka kila mlango na simu mikononi, mnyama akabaki katikati hana pa kutokea. Mmoja wenu aseme kwa sauti ya kawaida kwamba watu warudi ndani. Angalieni aliingilia wapi na palipo wazi kuelekea kijito au miti, kisha upande huo uachwe mtupu: hakuna mtu, hakuna gari linalowaka. Milango ya uzio ifunguliwe ikiwa mtu anaifikia bila kumkaribia. Basi, msubirini. Inaweza kuchukua saa nzima. Akilala kwenye theluji kucheua, hiyo ni haki yake, nanyi tumieni mlango wa nyuma.

Barabarani

Taa za gari lako hazimwoneshi vizuri, kwa sababu mwili wake uko juu ya mwanga na macho yake hayang'ai usoni mwako kama ya wanyama wafupi. Ukimgonga, bampa inakata miguu na mwili mzima unakuja kwenye kioo cha mbele. Punguza mwendo usiku, washa taa za mbali pasipo na magari, na ukimwona mmoja akivuka, tarajia wa pili. Kwenye Glenn Highway waliweka uzio mrefu mwishoni mwa miaka ya 1980, wenye milango inayomruhusu mnyama kutoka barabarani bila kurudi. Uzio huo umesaidia sana, lakini haupo kila mahali. Akisimama barabarani, simama mbali, washa hazadi, usimpigie honi.

Musi aliyejeruhiwa usimkaribie, na usijaribu kumchinja. Piga 911 ikiwa kuna mtu aliyeumia, ikiwa mnyama yuko barabarani, au ikiwa anashambulia. Kama hujiamini kwa Kiingereza, sema neno “Swahili” mara moja na uombe mkalimani, kisha taja mtaa. Kwa musi anayekaa siku kadhaa na kuwa mkali, wanaohusika ni idara ya wanyama ya jimbo, Fish and Game. Nyama ya aliyegongwa ni mali ya jimbo, hata kama gari lililoharibika ni lako. Polisi huita watu au mashirika ya hisani yaliyojiandikisha kwenye orodha, nao huja kumchukua usiku ule ule.