Namna ya kulinganisha viwango vya wahitimu wa sekondari wanaojiunga na chuo Marekani

Anza na kigawanyo, yaani idadi unayogawanyia, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kiwango cha taifa zima cha Oktoba 2023, asilimia 61.4, kinahusu wahitimu wa mwaka huohuo tu, wenye miaka 16 hadi 24, waliokuwa chuoni mwezi huo. Takwimu nyingine huhesabu vijana wote wa miaka 18 hadi 24, wakiwamo walioacha shule na waliokwisha kumaliza chuo, nayo huwa karibu asilimia 40. Usiziweke kwenye jedwali moja.

Ukipima shule yako, chukua orodha ya waliohitimu, kisha hesabu waliosajiliwa chuoni (si waliopata barua ya udahili) katika msimu wa vuli unaofuata. Wahitimu wakiwa 200 na waliosajiliwa 118, basi 118 ÷ 200 × 100 = 59. Sasa gawanya 118 hiyohiyo kwa wanafunzi 260 walioanza darasa la tisa, mwaka wa kwanza wa sekondari: unapata 45.4. Taja namba zote mbili, kwani shule inayopoteza wanafunzi njiani huonekana bora isivyostahili.

Halafu tenganisha jinsia: mwaka 2023 asilimia 65.3 ya wasichana waliohitimu walijiunga na chuo, na 57.6 ya wavulana. Tenga pia vyuo vya miaka miwili na vya minne. Kundi dogo huyumba sana; kati ya wahitimu 12, mmoja tu hubadili kiwango kwa takribani pointi 8, kwa hiyo unganisha miaka mitatu.

Ukionyesha mwenendo kuanzia kilele cha 70.1 mwaka 2009, taja mdororo wa uchumi: ajira zilikuwa adimu, vijana wakaelekea chuo.