Gari imegongwa, umekodi nyingine: jinsi ya kuidai bima hela ya kukodi

Mi kazi yangu ni klemu (madai ya bima) za magari hapa Dar, na hela naona watu wanaipoteza sana ni ya gari ya kukodi. Gari inatoka gereji imenyooka, mwenyewe anafurahi, afu laki kadhaa alizotoa kukodi hazirudi kwa sababu tu hakuna karatasi. Fuata hivi.

Kwanza jua unamdai nani. Kama kosa ni la mwenzio unadai bima YAKE, hata kama ana bima ndogo (third party), maana mikataba mingi inabeba na uharibifu wa mali za wengine ila kuna kikomo cha hela. Piga picha namba yake ya gari, iangalie TIRA MIS, ule mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, hapohapo barabarani, uone bima iko hai na ni ya kampuni gani. Kosa likiwa lako unarudi kwenye bima kubwa (comprehensive) yako, na hapo soma mkataba vizuri maana bima kubwa yenyewe mara nyingi hailipi gari ya kukodi mpaka uwe ulinunua kipengele cha kukosa matumizi ya gari, nacho kinakuwekea kiasi kwa siku na kikomo cha idadi ya siku.

Pili, ita trafiki, msimalizane kienyeji pale Mwenge au Tazara. Utahitaji fomu za polisi PF 90, PF 93, PF 115 na mchoro wa ajali.

Tatu, KABLA hujakodi andika imeili kwa bima: gari yangu haitembei, naitumia kwa shughuli hizi, mnanipa gari au nikodi kwa bei hii? Wakikaa kimya sawa, imeili yako ina tarehe.

Nne, kodi ya saizi yako. Una IST, kodi IST au inayofanana nayo, ukichukua Prado watakulipa ya IST na wana haki. Kama safari zako ni Mbezi–Posta tu basi piga hesabu ya Bolt, ikiwa nafuu tumia hiyo na tunza risiti za kwenye app, maana sheria inakutaka upunguze hasara sio kuikuza. Ukikodi dai mkataba wenye tarehe na risiti ya EFD (ile ya mashine ya TRA), ile ya kuandikwa kwa mkono inaleta ubishi.

Tano ni siku, na hapa ndo vita yenyewe. Ripoti ya asesa, yule mkaguzi wa hasara anayetumwa na bima, inaweza kusema kazi ni siku 6, na bima itataka kulipa hizo 6, wakati we umekaa na gari ya kukodi wiki tatu kwa sababu asesa alichelewa kuja, afu idhini ya kutengeneza ikachelewa, afu spea ikawa haipo Kariakoo ikabidi iagizwe. Sasa kila siku iwe na sababu yake na ushahidi: lini umeripoti, lini asesa kaja, lini gereji imepewa ruhusa, lini spea imefika, lini umeambiwa njoo uchukue. Meseji za WhatsApp na fundi usifute hata moja, na gereji ikupe barua yenye tarehe ya kuanza na kumaliza. Ucheleweshaji wao wasikubebeshe wewe. Ila gari ikiwa tayari Ijumaa we ukaichukua Jumatano, hizo za katikati ni zako.

Sita, dischaji voucha, ile karatasi ya bima unayosaini kukubali malipo. Ikija ina hela ya matengenezo peke yake na imeandikwa ni malipo kamili na ya mwisho, USISAINI, warudishie waongeze ya kukodi au waandike kwamba hiyo bado iko wazi. Ukishasaini kuirudia ni kazi ngumu mno.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na upeleke lalamiko TIO, yule msuluhishi wa migogoro ya bima. Ikifika mahakamani hii ni hasara maalumu, lazima utaje kiasi kamili na ukithibitishe, kwahiyo risiti orijino baki nazo wewe, bima wape kopi na wakugongee muhuri wa kupokea.