Nankhatai: samli kwa mashine, unga kwa mkono

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, majirani wa hapa Kibokoni huniuliza: nankhatai, zile biskuti za samli, nipige kwa mashine au kwa mkono? Vyote viwili, dada, ila kila kimoja na kazi yake. Mashine ipige samli na sukari. Ikifika zamu ya unga, ichomoe.

Kwanza itazame samli yenyewe. Mombasa wakati wa kaskazi samli ya kopo huwa mafuta matupu, na ikiwa majimaji haishiki hewa hata uipige mpaka Magharibi. Biskuti zitatandaa kwenye trei zishikane. Itie friji igande, kisha itoe uiache mpaka ukiibonyeza pabaki alama ya kidole.

Vipimo vyangu: samli gramu 250, sukari ya unga gramu 175, unga wa ngano gramu 400, beking pauda kijiko kimoja cha chai, iliki nusu kijiko. Iliki inunue nzima Marikiti uitwange mwenyewe. Ya pakiti mara nyingi ni maganda tu.

Anza na mwendo mdogo, la sivyo sukari itakurukia hadi kwenye nyusi. Kisha mwendo wa kati, dakika tatu nne, ukisimama kukwangua pembeni kwa mwiko. Samli itaacha umanjano, iwe nyeupe na ifure. Hapo zima. Ukizidisha hupata joto, ikaanza kung'aa na kulegea.

Stima ikipotea, chukua sinia pana. Osha mikono kwa maji baridi, ifute ikauke, kisha sugua samli na sukari kwa sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo, ukizungusha na kukusanya. Robo saa hivi, na mkono utauma. Ukisaga kidogo kati ya vidole usisikie chenga, tayari.

Unga uchekeche pamoja na beking pauda na iliki, utie kwa mafungu matatu, uchanganye kwa ncha za vidole ukiokota kutoka chini. Usiukande kama wa chapati; ukikandwa huvuta, na biskuti ikawa ngumu. Samli haina maji, ndiyo maana husamehe kidogo. Siagi ina maji kama asilimia 16, nayo haisamehi, sembuse ukitia yai. Isitoshe, vipigio vya mashine ndogo haviwezi unga mzito: utaisikia inalia, kisha inanukia kuungua.

Fungu la mwisho usilimwage lote. Finya kidonge: kikishikana na kuacha mafuta kidogo tu kiganjani, basi. Kikimeguka, ongeza samli nusu kijiko. Kikinata na kung'aa, usikimbilie kuongeza unga. Hilo ni joto. Bakuli friji, dakika 20.

Viringisha vidonge kama ndimu ndogo, bonyeza lozi juu, vipange mbalimbali, oka nyuzi 160 kwa dakika kama 20. Usingoje zigeuke kahawia. Juu zitapasuka, na ndivyo zinavyotakiwa. Zikitoka ni laini, ziache kwenye trei zipoe kabisa ndipo uzitie mkebeni. Zikiingia na moto hutoa jasho, kesho yake zimelegea.