Hoteli ya matawi au kwa mama wa ufukweni? Inategemea unaagiza nini

Ukiingia kwenye hoteli za samaki zenye matawi mengi, mfano Ocean Basket iliyoanzia Pretoria mwaka 1995, agiza ngisi au kamba. Hivyo vinavumilia barafu vizuri, na wapishi wao wamefundishwa kuvipika kwa dakika zilezile kila siku. Bei iko kwenye menyu, hakuna kubembelezana.

Samaki mzima, changu au tasi, mfuate kwa wenyeji, ila usikae kabla hujamwona. Mwambie muuzaji afungue shavu: matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Jicho liwe limetuna na linang'aa. Bonyeza nyama kwa kidole. Shimo likibaki, shukuru uende zako. Muuzaji mwenye samaki wa leo hachukii kuulizwa, anayenuna ndiye wa kumwogopa. Na mpatane bei samaki akiwa bado mbichi, maana akishakaangwa huna tena nguvu ya kupunguziwa. Kambakoche apimwe kwenye mizani mbele yako.

Angalia na msimu. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari inachafuka na ngalawa nyingi haziendi mbali. Samaki anaadimika, bei inapanda, na hata kibanda cha ufukweni kinaweza kukupa wa kwenye friza. Siku hizo hoteli ya matawi haina aibu yoyote. Isipokuwa pweza wa nazi. Huyo mimi bado namfuata kwa mama, kusi au kaskazi.