Kupiga kambi Gombe kwa boti la abiria

Hifadhi ya Gombe, makazi ya sokwe, haifikiki kwa gari. Kutoka Kigoma mjini ni kilometa 16 hivi kwenda kaskazini, zote za majini katika Ziwa Tanganyika, kwa hiyo ratiba yako inaamuliwa na boti. Boti ziendazo Mwamgongo, kijiji kilicho mbele ya hifadhi, kwa kawaida huondoka mwalo wa Kibirizi mchana na kukushusha Kasekela, kituo cha hifadhi, jioni. Zinazorudi mjini hupita asubuhi mapema. Ukilala mara moja tu, utaondoka hujamwona sokwe hata mmoja. Panga kulala mara mbili.

Siku moja kabla, nenda Kibirizi ukaulizie boti (Jumapili usiitegemee), umweleze nahodha unashukia Kasekela na siku utakayorudi. Boti lisilo na jaketi za kuokolea liache, subiri jingine. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa, na mawimbi huingia ndani. Unga, mchele na nguo za kulalia viweke kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana.

Lipia kiingilio na kambi kabla ya safari, kwa kadi au namba ya malipo, maana hifadhi hazipokei fedha taslimu. Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa ili atozwe kiwango cha wazawa.

Chakula cha watu wawili: unga kilo 2, mchele kilo 1, dagaa wakavu, vitunguu, nyanya, mafuta nusu lita, na jiko la gesi dogo. Kuni za hifadhini hazikatwi. Maji ya ziwa yachemshe kwanza.

Ufukweni vigingi vya hema havishiki. Jaza mchanga kwenye mifuko minne ya kilo 5, funga kamba za hema kila moja kwenye mfuko wake, kisha ifukie kina cha mkono hadi kiwiko. Usiku upepo hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, kwa hiyo mlango wa hema utazame maji. Chakula kisilale ndani ya hema hata kidogo, hata ganda la ndizi: nyani watalichana. Waombe askari wa hifadhi chumba cha kufunga.

Mwenye mafua au kikohozi asipande kwenda kwa sokwe, hata kama ameshalipa. Magonjwa yetu huwaua. Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na ulemavu. Vaa barakoa, kaa umbali wa mita 10, usile mbele yao. Kuwatazama ni saa moja. Njia ni za mteremko mkali na majani makavu yanateleza, kwa hiyo vaa buti zenye meno, suruali ndefu, na beba lita 2 za maji kila mtu.

Siku ya kurudi, kunja hema kungali giza. Simama ufukweni na tochi na mizigo yote miguuni. Nahodha asiyeona mtu hapunguzi mwendo.