Kabla ya kutangaza nyumba: yanayokwamisha mauzo na ya kuweka sawa mapema

Nyumba iliyopata mnunuzi bado haijauzwa. Baada ya kukubaliana bei, wakili wa mnunuzi anaanza kuchambua hati, benki inamtuma mthamini, deni la rehani linatakiwa kufutwa, kisha uhamisho unapelekwa kusajiliwa. Kila mmoja katika mlolongo huo anamsubiri mwenzake, na karatasi moja ikikosekana jalada halisimami siku moja tu: linarudi nyuma ya foleni, na likifika tena mbele huenda barua nyingine imeshapitwa na tarehe. Mauzo mengi hufia hapo, si kwenye tangazo.

Kinachotia uchungu ni kwamba sehemu kubwa ya yanayotafutwa kwa presha wakati huo yangeweza kutafutwa kwa utulivu kabla hata picha hazijapigwa. Kwa hiyo mpangilio tunaoushauri ni karatasi kwanza, mafundi pili, rangi mwisho. Wauzaji wengi huenda kinyume, kwa sababu rangi inaonekana na karatasi haionekani.

Karatasi

Anza na majina. Chukua hati miliki na kitambulisho chako, viweke mezani, usome herufi kwa herufi. Hati yenye majina mawili na kitambulisho chenye matatu, jina la ukoo lililobadilika baada ya ndoa, "y" iliyogeuka "i": haya ni madogo mpaka msajili atakapoyaona. Dawa yake huwa ni kiapo pamoja na cheti kinachoonyesha badiliko, na huandaliwa haraka endapo hakuna anayesubiri. Hakikisha pia kwamba ulicho nacho ni hati halisi na si nakala. Iliyopotea hupatiwa mbadala, lakini kwa kawaida njia hiyo hupitia taarifa ya upotevu, kiapo na muda wa kusubiri pingamizi, muda ambao hakuna wakili anayeweza kuufupisha.

Halafu jiulize ni nani anatakiwa kutia saini. Wote walioandikwa kwenye hati, bila shaka. Lakini katika nchi nyingi mwenza wa ndoa anayeishi kwenye nyumba hiyo hutakiwa kutoa ridhaa ya maandishi hata kama jina lake halimo. Mmoja wa wamiliki akiwa amefariki, sehemu yake haiuziki mpaka mirathi ikamilike na anayestahili aingizwe kwenye daftari. Warithi wanaotangaza nyumba huku wakisema "mirathi iko mbioni" humchosha mnunuzi mzuri na kubaki na wababaishaji. Na ikiwa mmiliki mmoja yuko nje ya nchi, hati ya uwakilishi iandikwe mahususi: itaje nyumba gani, itoe mamlaka ya kuuza, ya kusaini na ya kupokea fedha. Ile ya jumla hukataliwa mara kwa mara, na kuiandika upya, kuithibitisha na kuituma kwa njia ya posta kunakula wiki kadhaa.

Fanya upekuzi rasmi wa nyumba yako mwenyewe kwenye daftari la ardhi, kama vile wewe ndiye mnunuzi. Wengi hushtuka kukuta rehani ya mkopo walioumaliza zamani bado imeandikwa. Kulipa deni ni jambo moja, kufuta rehani kwenye daftari ni jambo jingine, na la pili halijiendeshi lenyewe kila mahali. Upekuzi huo huo ndio hufichua zuio lililowekwa na mtu mliyewahi kugombana naye na ukamsahau.

Kama rehani bado ni hai, iombe benki iandike salio, riba inayoongezeka kila siku, adhabu ya kulipa kabla ya muda, na muda wanaohitaji kuachia hati baada ya kulipwa. Kisha piga hesabu ya kitakachobaki mkononi. Tuseme bei ni 100, deni 60, dalali 3, wakili na kodi 6: unabaki na 31. Mnunuzi akikushusha hadi 92, anaona amepunguziwa asilimia 8, ila mfuko wako umepoteza karibu robo. Hesabu hii ifanyike sasa. Ikifanyika mbele ya mnunuzi, hasira huongoza mazungumzo na biashara huvunjika kwa jambo lililojulikana tangu mwanzo.

Mwisho wa karatasi ni ramani. Chukua kipimo cha futi uzunguke, ulinganishe kilichojengwa na kilichoidhinishwa. Chumba kilichoongezwa nyuma, baraza lililozibwa likawa jiko, banda la gari lililogeuzwa kuwa chumba cha kulala: mthamini wa benki anaweza kukataa kuvihesabu vyote. Una njia mbili za uaminifu. Omba kibali cha kurekebisha, ukijua kwamba ni safari ndefu, au litaje jambo hilo wazi tangu siku ya kwanza na bei iakisi hivyo. Njia ya tatu, ya kunyamaza, huishia pale mnunuzi anapoligundua na kuanza kujiuliza kingine ulichoficha. Kama mipaka ina utata na jirani, mlete mpima kabla ya dalali.

Nyumba yenyewe

Maji ndiyo adui wa kwanza. Funga bomba zote, andika namba za mita pamoja na zile ndogo za mwisho, kaa saa 2 bila mtu kutumia tone, kisha soma tena. Zikisogea, kuna mvujo. Ili kujua uko upande gani, funga koki kuu inayoingiza maji ndani: mita ikiendelea kusogea, mvujo uko kati ya mita na nyumba, ikisimama, uko ndani. Mshukiwa wa kawaida ni tangi la choo. Tia rangi ya chakula humo, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa vali umechoka, na kuubadilisha ni kazi ndogo.

Unyevu ukutani una vyanzo vyake, na kila chanzo kina alama. Unaopanda kutoka ardhini huacha chumvi nyeupe na mara nyingi hauvuki mita 1 hivi. Wa paa huongezeka baada ya mvua. Wa bomba lililofichwa ukutani haujali hali ya hewa, uko vilevile kiangazi na masika. Ukungu mweusi kwenye pembe na nyuma ya makabati kwa kawaida ni mvuke wa ndani usiopata pa kutokea. Kuupaka rangi juu bila kutibu chanzo ni kupoteza ndoo ya rangi: doa hurudi baada ya wiki chache, na lina tabia mbaya ya kurudi wakati mkaguzi wa mnunuzi anapokuja.

Nyufa nazo zitenganishe. Mstari mwembamba chini ya milimita 1 kwenye lipu mara nyingi ni lipu tu ilivyokauka. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, mpana upande mmoja kuliko mwingine, au uliozidi milimita 5, unahitaji mhandisi. Kama una miezi kadhaa mbele, weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa na uandike tarehe. Ufa ambao haujasogea kwa miezi 6, ukiwa na tarehe zake, humtuliza mnunuzi kuliko kiraka kipya kinachonuka saruji.

Upande wa umeme, bonyeza kitufe chenye herufi T kwenye kikata umeme cha usalama. Kisipokata, mwite fundi. Tafuta vijia vya udongo vya mchwa kwenye fremu za milango na mbao za paa. Kama nyumba inatumia shimo la maji taka, mwite wa kulinyonya kabla ya wageni, maana harufu siku ya kutembelewa haifutwi na maelezo.

Jiko jipya la kisasa? Hapana. Matengenezo makubwa ya urembo kwa kawaida hayarudishi gharama yake yote, na huchelewesha tangazo. Rekebisha kinachovuja, kinachokwama na kinachohatarisha, basi. Risiti, dhamana za vifaa na majina ya mafundi viingie kwenye faili moja. Wakili wa mnunuzi ataviuliza.

Bei na dalali

Bei zinazotangazwa ni matumaini ya wauzaji wengine. Unachohitaji ni bei zilizolipwa, kwa nyumba zinazofanana na yako kwa ukubwa, umri na mtaa. Wiki 2 au 3 za kwanza ndizo zenye uzito, kwa sababu tangazo jipya huonwa kwa mkupuo na watu wote waliokuwa wakitafuta. Baada ya hapo unapata wapya tu, wachache wachache. Anayepandisha bei "ili kuwe na nafasi ya kupatana" husahau kwamba watafutaji huweka kikomo mtandaoni. Aliyeweka 100 hatawahi kuiona nyumba ya 102.

Panga mapema ishara zitakazokufanya uchukue hatua. Tangazo linatazamwa sana lakini hakuna anayepiga simu: bei au picha. Wanakuja wengi na hakuna anayetoa ofa: kuna kitu ndani ya nyumba, na ukisikia lalamiko lilelile mara tatu, liamini. Ukilazimika kushusha, shusha mara moja kwa kiasi kinachoonekana. Bei inayoteremka kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili humfundisha mnunuzi kungoja.

Mkataba wa dalali usome mpaka mwisho. Je, ni yeye peke yake au unaruhusiwa kuwa na wengine? Unaisha lini? Kamisheni inadaiwa lini: mnunuzi akipatikana, au fedha zikiingia? Tazama pia kifungu kinachomlinda dalali baada ya mkataba kuisha, iwapo atanunua mtu aliyeletwa naye. Kifungu hicho si dhuluma, ila dai orodha ya majina siku mnayoachana, la sivyo utajikuta unadaiwa na madalali wawili kwa mnunuzi mmoja. Na usiwape madalali watano nyumba moja kila mmoja na bei yake; mnunuzi atazikuta zote.

Mnunuzi wa kukubali

Ofa ya juu na ofa ya uhakika mara nyingi ni za watu wawili tofauti. Kabla ya kuitoa nyumba sokoni, uliza fedha ziko wapi. Kama ni mkopo, kuna barua ya benki ya idhini ya awali, na ina tarehe gani? Je, anategemea kwanza kuuza nyumba yake? Kama ndiyo, na anayenunua ya kwake pia anategemea kuuza, unajiunga na mnyororo ambao hukatikia kwa aliye dhaifu kuliko wote, na huyo hata humjui.

Uthamini wa benki ndio huvunja mauzo yaliyoonekana kukamilika. Benki hukopesha kwa kiwango kilicho chini kati ya bei na thamani. Bei ikiwa 100 na benki inatoa asilimia 80, mnunuzi anajipanga kuleta 20. Mthamini akisema 90, benki inatoa 72, na mnunuzi anatakiwa ghafla kuleta 28. Huwezi kumwamuru mthamini, lakini unaweza kumkabidhi orodha ya nyumba zilizouzwa karibu, vibali vya nyongeza na risiti za kazi kubwa. Mnunuzi wa pili aliyekaribia, mshukuru na ubaki na namba yake.

Arabuni ikae kwenye akaunti ya wakili au mtu mwingine asiyeegemea upande. Mkataba utaje tarehe ya kila hatua na nini kinatokea ikipita: nani anapoteza, nani anarudishiwa. Uorodheshe pia vinavyobaki na vinavyoondoka, mpaka mapazia, tangi la juu na taa za ukutani. Ni ajabu jinsi mauzo ya nyumba nzima yanavyoweza kusimama kwa sababu ya feni.

Kipindi cha kusubiri

Hapa kero ni kimya. Usiulize "imefikia wapi?", maana jibu litakuwa "inaendelea". Uliza jalada liko kwa nani leo, anasubiri nini, kutoka kwa nani, na litaangaliwa tena tarehe ngapi. Mara moja kwa wiki inatosha, kwa maandishi. Usijifunge kwenye nyumba nyingine kwa tarehe zisizo na pumzi, na kwenye bajeti weka miezi michache ya ziada ya mkopo, kodi, ulinzi na umeme.

Jihadhari na barua pepe inayosema namba ya akaunti imebadilika. Wezi huingia kwenye mawasiliano ya mawakili na kungoja siku ya malipo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, kamwe si ile iliyo kwenye ujumbe huo. Hati halisi isitoke kwa wakili kwenda kwa dalali au mnunuzi, na picha yake isiwekwe mtandaoni.

Siku ya makabidhiano epuka Ijumaa ukiweza: malipo yakichelewa saa chache, kila mtu anangoja mpaka Jumatatu, na mizigo yako iko kwenye lori. Funguo zitoke baada ya wakili au benki yako kuthibitisha kwamba fedha zimeingia, maana picha ya skrini ya malipo hutengenezwa kwa dakika. Piga picha namba za mita za maji na umeme mbele ya mnunuzi. Kama ulihama mapema, iambie kampuni ya bima kwamba nyumba iko tupu, kwa sababu bima nyingi hupunguza kinga nyumba isipokaliwa kwa siku 30 au 60. Na usiifute bima hiyo mpaka wakili akwambie uhamisho umekamilika.