Kampuni ya bima imeandika dai lako vibaya? Namna ya kuomba lirekebishwe

Ukiambiwa ada ya bima ya nyumba unayopangisha imepanda "kwa sababu ya historia ya madai", usibishane na wakala. Yeye anasoma kilichoandikwa tu. Anza na rekodi yenyewe.

Iandikie kampuni iliyoshughulikia dai, taja namba ya mkataba na ya dai, kisha omba nakala ya kumbukumbu zako: fomu ya dai, ripoti ya mkadiria hasara, na taarifa zilizopelekwa kwenye kanzidata ya pamoja ya kampuni za bima. Uingereza, ombi la namna hii kwa kawaida hujibiwa ndani ya mwezi mmoja, bila malipo. Marekani, ripoti ya madai iitwayo CLUE hutolewa bure mara moja kila miezi 12.

Nakala ikifika, isome mstari kwa mstari. Tazama chanzo cha hasara: bomba la jikoni lililopasuka likiandikwa "mafuriko", nyumba yako huonekana kama iko bondeni. Tazama pia kama simu uliyopiga kuuliza tu imegeuzwa kuwa dai, au kama bomba hilo moja limezaa madai mawili, moja la ukuta na jingine la kodi uliyoikosa mpangaji alipohama. Linaloniudhi zaidi ni makadirio. Dai likifunguliwa, kampuni hutenga fedha, tuseme 8,000. Unalipwa 1,900, dai halifungwi kwenye mfumo, na anayekupimia bima mpya anaiona ile 8,000.

Tenganisha kosa la kumbukumbu na uamuzi usioupenda. Mkadiria akisema ukuta uliharibika kwa uchakavu, hayo ni maoni yake. Huwezi kuyafuta kwa barua. Tafuta ripoti ya fundi inayoyapinga, na uombe pingamizi lako liambatishwe kwenye rekodi.

Kwenye barua, kila kosa lipe aya yake. Kwa mfano: "Chanzo cha hasara kimeandikwa 'mafuriko'. Ripoti ya fundi bomba, kiambatisho cha 1, inaonyesha kiungo kilipasuka chini ya sinki. Naomba kirekebishwe kuwa 'uvujaji wa bomba', marekebisho yafike kwenye kanzidata, na nithibitishiwe kwa maandishi." Basi. Visa vya mpangaji msumbufu viache nje.

Ukipinga ripoti ya CLUE yenyewe Marekani, uchunguzi kwa kawaida huchukua siku 30, na usiporidhika unaweza kuomba maelezo yako mafupi yaongezwe kwenye ripoti hiyo. Uingereza, kampuni ina wiki 8 kujibu lalamiko rasmi. Baada ya jibu la mwisho una miezi 6 kulifikisha kwa msuluhishi wa huduma za fedha. Kenya (sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019) na Tanzania (ya 2022) nazo zinampa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa zake. Angalia neno "mtu": nyumba ikiwa kwa jina la kampuni yako, haki hizi za taarifa binafsi huenda zisikufae, kwa hiyo pitia njia ya malalamiko.

Wakati unasubiri, usilifiche dai kwenye fomu mpya ya bima. Liandike, na useme linapingwa. Rekodi ikisharekebishwa, omba nakala mpya, mpelekee wakala, na udai ada ikokotolewe upya tangu mwaka kosa lilipoingia.